Picha za usiku: ISO (kipimo cha kamera kung'arisha picha) 6400 palepale, au 800 halafu unaing'arisha baadaye? Ipi ina chenga (vile vidoa vya mchangamchanga kwenye picha) kidogo?

kivuli_cha_jioni: Wakuu habarini. Napiga sana picha za ukumbini usiku, watu wanacheza, taa hafifu, na lenzi ni ile iliyokuja na kamera, nikizumu uwazi wake unaishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Shata (muda wa kuingiza mwanga) nikiishusha chini ya 1/250 ya sekunde watu wanatoka wamefutika. Sasa kamera inataka ISO 6400 na mimi nimezoea kuambiwa nisivuke 1600, kwa hiyo napiga 800, picha inatoka giza, naing'arisha kwenye programu, chenga zinajaa hasa kwenye nguo nyeusi. Nipandishe ISO, nishushe shata au nitafute lenzi ya f/1.8?

sensa_moja: Pandisha mkuu, usiogope. Chenga hazitoki kwenye ile namba, zinatoka kwenye uhaba wa mwanga uliofika kwenye sensa (sehemu ya kamera inayopokea mwanga). Shata ileile, f ileile, basi mwanga ni uleule iwe 800 au 6400, tofauti ni kwamba kwenye 800 stopu 3 (kila stopu ni mwanga mara mbili) unakuja kuziongeza mwenyewe, na kwenye kamera nyingi hapo unanyanyua na chenga za mitambo yake, ndo unaona mistari na madoa ya zambarau kwenye nguo nyeusi.

dada_fokasi: Mi hapo sikubali yote. Kuna sensa za siku hizi 800 iliyong'arishwa na 6400 huwezi kuzitofautisha, na ile 800 inakulindia taa za jukwaani zisiungue zikawa weupe mtupu. Ila lazima uwe unapiga RAW (faili ghafi ya kamera), JPEG ukiinyanyua stopu 3 imekwisha. Pima yako kaka: kitu kimoja, shata na f usiguse, badili ISO tu, kisha zisawazishe mwanga na uangalie kivulini kwa asilimia 100.

mzee_wa_stendi: Shata msiidharau vijana. Stendi inatuliza kamera, haimtulizi anayecheza, hilo kweli, lakini mtu akiruka kuna kasekunde pale juu anakuwa kama amesimama, ukiivizia hiyo 1/125 inatosha na ISO inashuka hadi 3200. Ukikosa bakia 1/250, maana chenga zinasafishika, picha iliyofutika hairudi.

lenzi_hamsini: Kwangu lenzi inazishinda zote. Toka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara 10, yaani 6400 yako inakuwa kama 640!! Tatizo fokasi inakuwa nyembamba, wakicheza wawili mmoja anaweza kutoka na ukungu. Mimi nikiwa na watu wengi nabaki f/2.8, ISO 1600.

kivuli_cha_jioni: Asanteni sana. Nimepima kama dada alivyosema, kwenye kamera yangu ile ya 800 ina mistari kivulini na ya 6400 haina, kumbe muda wote nilikuwa najiharibia mwenyewe. Lenzi naitafuta. Kwa sasa ISO niiache otomatiki?

dada_fokasi: Ndio, kikomo weka 6400, na shata ya chini kabisa 1/250. Taa za jukwaani zikianza kuungua punguza mwanga kidogo, usiendelee kupandisha. Kwenye kusafisha anza na chenga za rangi, hizo ondoa tu, zile za kijivu ziache kiasi, ukizifuta zote ngozi inakuwa kama plastiki.