Kujifunza umbo la meno: nta, sabuni ya mche au meno halisi?

Mwana_Chonge (Dar es Salaam)
Wakuu, habari zenu. Niko miaka ya mwanzo ya udaktari wa meno hapa Dar. Anatomia, fiziolojia na baiokemia naenda nazo vizuri. Kinachonipa presha ni umbo la meno, hasa kuchonga. Maabara tunatumia vipande vya nta, ila vya mazoezi ya hosteli kila mtu anajinunulia, na bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likiingia tayari lina wenyewe. Naona wenzangu wamegawanyika: wapo wa nta, wapo wa sabuni ya mche, wapo wanaokusanya meno yaliyong'olewa, na wachache wana meno ya plastiki. Kwa mwenye hela ya njia moja tu, mngemshauri ipi na kwa nini? Jino linalonisumbua ni gego la kwanza la juu, yaani namba 16 (la kulia) na 26 (la kushoto), kwa hiyo naomba majibu yaliguse hilo.

NaiBDS (Nairobi)
Sabuni, bila kusita. Nunua sabuni ya kipande ya kufulia, mche mmoja unatoa meno kadhaa. Faida yake ni ukubwa: unachonga jino mara tatu ya ukubwa wake, na kila kosa linaonekana. Gego la kwanza la juu kwa wastani wa vitabuni taji (sehemu ya jino iliyo juu ya fizi) lina urefu wa milimita 7.5, upana wa milimita 10 kutoka upande wa mbele kwenda wa nyuma, na milimita 11 kutoka shavuni kwenda kwenye kaakaa. Zidisha kwa tatu: 22.5, 30 na 33. Chora kwanza kwenye karatasi ya grafu, sura ya upande wa shavu na sura ya ubavuni, kata karatasi, bandika kwenye sabuni, kisha ondoa kila kilicho nje ya mchoro. Kuviringisha pembe kunakuja mwisho.

Hizo namba 10 na 11 zikae kichwani. Wengi wanachonga gego la juu likiwa pana zaidi kwa urefu wa taya, na hapo tayari wameanza kutengeneza gego la chini.

Sabuni ikikauka inapasuka, kwa hiyo ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiku. Maganda yake unafulia.

Fundi_Nta (Mwanza)
Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya meno, natengeneza mataji na meno bandia. NaiBDS, kwa jino la mbele au chonge nakubaliana nawe kabisa. Kwa gego nakataa. Sabuni inaruhusu kupunguza tu. Ukikata ncha (kilele cha kutafunia) ikazidi, kipande kizima kimeharibika, na gego la juu lina ncha nne kubwa za kulinda kwa wakati mmoja. Nta unaiongeza. Unapasha ncha ya kifaa kwenye taa ya spiriti, unachota tone, unaliweka mahali ncha inapotakiwa kusimama, linapoa, unachonga tena. Hivyo ndivyo sisi tunavyojenga meza ya jino (uso wa kutafunia) kazini: koni ndogo za ncha kwanza, halafu kingo zinazoziunganisha, mabonde yanajitokeza yenyewe katikati.

Kuhusu hela: usitupe vumbi la nta. Likusanye kwenye kopo safi, liyeyushe kopo likiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto (kamwe si juu ya moto moja kwa moja, nta inashika moto), mimina kwenye kiboksi cha dawa ulichokipaka mafuta kidogo. Umepata kipande kipya. Mwanafunzi anayefanya hivi vipande vichache vinamvusha muhula.

Mishumaa ya dukani achana nayo. Ni laini mno, na kwa joto la Dar inapinda mkononi kabla hujafika kwenye shingo ya jino, pale taji linapokutana na mzizi.

Mwana_Chonge
Fundi, hii ya kurudisha vumbi sikuwa naijua, asante sana. Na kuhusu meno halisi? Kuna mwenzetu ana chupa imejaa.

Koleo (daktari, Upanga)
Mwanangu, karibu kwenye fani. Meno halisi yana kazi yake, na kazi hiyo ni kutazama. Shika gego la kwanza la juu, geuza meza yake ikuelekee. Utaona umbo la msambamba ulioegemea. Ncha kubwa kuliko zote ni ya mbele upande wa kaakaa. Kutoka kwenye hiyo ncha kuna ukingo unaokatiza meza kimshazari hadi ncha ya nyuma upande wa shavu. Ukingo huo ndio sahihi ya magego ya juu, na ndio mahali pa kuanzia unapochonga. Ubavuni mwa ncha ileile kubwa, baadhi ya watu wana kinundu kidogo kiitwacho kinundu cha Carabelli. Kwa wengine ni kidimbwi tu, kwa wengine hakipo. Pita kucha taratibu, utakihisi kabla ya kukiona.

Sasa usalama, na hapa naomba mnisikilize wote. Jino lililong'olewa lina damu na tishu za mtu. Liombe kliniki kwa utaratibu, usichote kwenye ndoo ya taka. Lioshe na kuondoa nyama, lihifadhi kwenye dawa ya klorini ya kung'arisha nguo iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa maji 10. Kabla ya kulitumia darasani lipite kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), nyuzi 121 kwa dakika 40. Lenye kiraka cha amalgamu lisiingie humo hata mara moja, joto linatoa mvuke wa zebaki. Hilo linalazwa kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia tishu) ya asilimia 10 kwa wiki 2. Na yote yakae kwenye unyevu, jino kavu linapasuka. Chupa ya huyo mwenzenu ikoje?

Mwana_Chonge
Shikamoo Dokta. Ni chupa ya maji ya kunywa, sijui alitia nini ndani. Nitamwonyesha maelezo haya leo.

Koleo
Marahaba. Avae glavu na aipeleke chupa hiyo kliniki, watamsaidia.

Binti_wa_Meru (Arusha)
Naongeza jambo kuhusu chupa za meno. Angalieni yametoka wapi na kwa nini yaling'olewa. Magego yanang'olewa kwa kuoza, kwa hiyo mengi yana shimo palepale kwenye meza unayotaka kuisoma. Meno ya mbele ya chini unayapata mazima kwa sababu mara nyingi yanatoka kwa ugonjwa wa fizi, lakini ni ya wazee, kingo zimesagika. Magego madogo ya kwanza, yale yanayofuata chonge, yanapatikana mazuri kutoka kwa vijana wanaopangwa meno. Huku kwetu tena maji yana floridi nyingi, enameli (gamba gumu la nje la jino) inakuwa na madoa ya kahawia na wakati mwingine imemomonyoka. Mwanafunzi aliyejifunza kwa meno ya huku peke yake anaweza kudhani mashimo hayo ni sehemu ya umbo. Kwa umbo tafuta gego la kijana, hata moja, lililo zima. Hilo moja linatosha kuliko chupa nzima.

Kaakaa254 (Mombasa)
Plastiki yaache kwa sasa. Yanakuja na maana utakapoanza kukata matundu kwenye fantomu (kichwa bandia cha mazoezi), kwa sababu yanafungwa kwa skrubu kwenye taya ya mfano na kila mtu anapata jino linalofanana. Hata hapo mengi ugumu wake ni uleule juu hadi ndani, hayakufundishi tofauti ya enameli na dentini iliyo chini yake. Kwa kuchonga hayana msaada, kutazama tu, na bei yake inauma.

NaiBDS
Fundi amenishawishi kwenye gego. Ila bado nasema aanze na jino la mbele la juu kwa sabuni, taji milimita 10.5, mzizi 13, upana 8.5, ndipo aende kwenye nta. Mkono unahitaji kujua kwanza mstari wa shingo unavyopanda na kushuka ukizunguka jino.

Mwana_Chonge
Nimefuata. Mche mmoja wa sabuni kwa jino la mbele na chonge, hela iliyobaki nta na spiriti kwa ajili ya gego. Jino halisi nitaomba kliniki kwa utaratibu wa Dokta.

Koleo
Vizuri. Ukishayachonga magego yote mawili, yafunike kwa kitambaa, mwenzako akuwekee moja kiganjani ukiwa hujui ni lipi, ulitambue ni 16 au 26. Tafuta ncha kubwa ya kaakaa: hiyo iko mbele. Kisha mizizi, miwili ya shavuni na mmoja mrefu wa kaakaani, kwa kawaida ncha za mizizi hiyo zinaelekea nyuma. Mkikosea, gombaneni na kitabu wazi mezani. Wakaguzi wanapenda sana swali hilo.