Fikasi ya kwenye chungu imeungua na jua, nianzie wapi?

Mpanda_Nyegezi
Habari za leo wakuu. Nina mti wa fikasi benjamina wa kama mita moja na nusu, upo kwenye chungu cheusi cha plastiki cha lita 40. Kitaluni ulikuwa chini ya neti ya kivuli. Hapa Nyegezi, Mwanza, nimeuweka uani juu ya saruji, upande wa magharibi, ubavuni mwa jiwe kubwa. Ndani ya siku kumi majani yamegeuka njano, kingo zimekauka, nusu yameshapukutika. Namwagia lita mbili kila jioni na maji yanatoka chini papo hapo. Juzi nimetia vijiko viwili vya urea, hali ndiyo kwanza imezidi. Nipogoe? Nibadilishe chungu?

Luseni
Usipogoe, usibadilishe chungu, na urea usiiguse tena.

Maji kutoka papo hapo maana yake hayaingii. Udongo wa mbuga ukikauka husinyaa na kuachana na ukuta wa chungu. Maji yanateremkia kwenye ule mwanya, donge la katikati linabaki kavu. Chomeka kijiti cha mshikaki sm 15 kwenda chini. Kikitoka kikavu, jibu umeshapata.

Kisha kwaruza gome kwa ukucha, anzia nchani ukishuka. Chini ya gome pakiwa na ukijani na umajimaji, tawi liko hai hata kama limebaki fimbo tupu. Pakiwa kahawia na pakavu, hilo limekwenda. Majani yaliyoungua hayatarudi kijani, usiyasubiri.

Ukishapima, kizamishe chungu kwenye beseni nusu saa, mpaka mapovu yakome.

Mama Kitalu
Luseni, umesema kweli tupu ila kwenye beseni tunaachana. Chungu cha lita 40 kikilowa kinapita kilo 50, na wengi huishia kukinyanyua kwa kushika shina, mizizi ikakatikia ndani.

Mwanangu, chukua spoku ya baiskeli, toboa udongo mahali nane hadi kumi, mbali na shina. Mwanya wa pembeni uzibe kwa mchanga. Mwaga lita mbili polepole, subiri dakika kumi, rudia mara tatu au nne. Kwenye maji ya kwanza tia matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, udongo uliokauka sana huwa unayakataa maji.

Donge likishalowa ndipo uioshe urea: pitisha kama lita 80 kidogo kidogo, hakikisha matundu ya chini hayajaziba. Mbolea ikizidi huzuia mizizi kunywa, mti unakauka na udongo umelowa. Baada ya hapo mwagilia tu pale sm 5 za juu zikikauka. Mti usio na majani hunywa kidogo. Ukiendelea na lita mbili kila jioni, mizizi itaoza.

Ubavu wa Jiwe
Mnajadili maji, jiko liko pale pale. Jua la alasiri linapiga chungu cheusi, mizizi ya upande huo inapikwa. Jiwe nalo linashika moto mchana na kuutoa mpaka usiku, kwa hiyo hata kukichwa mti haupumui.

Kihamishie mashariki mwa nyumba, kiguse jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi basi. Kiinue juu ya vipande vitatu vya tofali hewa ipite. Kivuli cha ukuta usikitegemee saa sita: mwishoni mwa Septemba jua linapita karibu wima juu ya Mwanza. Funga neti ya kivuli ya asilimia 50. Juu ya udongo tandaza pumba za mpunga sm 4, zisiguse shina.

Geuza majani yaliyobaki. Ukiona vidoadoa na utando mwembamba, ni utitiri, anapenda ukavu na joto. Pigia maji kwa nguvu upande wa chini kila baada ya siku tatu.

Mpanda_Nyegezi
Kijiti kimetoka kikavu kabisa. Gome: ncha zote kahawia, kuanzia katikati kwenda chini kijani. Nikate ncha lini, na mbolea je?

Mama Kitalu
Subiri machipukizi, wiki tatu hadi sita. Yenyewe yatakuonyesha uhai umeishia wapi. Kata juu kidogo ya chipukizi la mwisho. Utomvu mweupe utatoka, ni kawaida, ila usikuguse machoni.

Majani mapya yakikomaa, NPK 17-17-17 kijiko kimoja cha chai, kwenye udongo uliolowa. Chungu badilisha mvua za vuli zikishika: udongo wa juu debe mbili, mchanga mnene debe moja, samadi iliyooza debe moja. Kurudi juani ni kwa kuongeza saa moja kila siku nne, na si kwenye lile jiwe.