Naomba ushauri: wanafunzi kutunza piano za chuo

Mwambao: Wakuu, habari za jioni. Ninasimamia vyumba vya muziki katika chuo kimoja hapa Tanga. Tuna piano nne za kusimama, na fundi hutoka Dar es Salaam mara moja kwa mwaka, bajeti ikiruhusu. Kila masika unyevu wa bahari huvimbisha mbao, vibonye vikaganda na sauti zikaachana. Nimefikiria kuwapa wanafunzi wawili kazi ya kuzitunza kwa posho ndogo. Je, inafaa, na waanzie wapi?

Mama Kwaya: Posho ndogo ni kiasi gani, Mwalimu? Mwanangu alipanga vitabu maktaba muhula mzima kwa ahadi ya posho, na hadi leo anaambiwa faili lipo mezani. Mtoto wa mwenzio naye hupanda daladala kwa nauli.

Fundi Gita: Inafaa, ila mipaka ya kazi yao iwekwe mapema. Vyuo vingi vya Marekani huajiri wanafunzi, lakini chini ya fundi mkuu anayekagua kazi yao. Wanafunzi wako wapanguse vumbi, watoe penseli na sarafu zilizoangukia ndani, wakaze skrubu za benchi, wasome kipimo cha unyevu na kuandika kila hitilafu daftarini. Spana ya kutyuni, yaani ya kukaza na kulegeza nyuzi ili sauti zipatane, wasiishike peke yao. Piano ina vibonye 88, lakini nyuzi zake zinapita 200, na kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya zaidi ya tani 15. Hebu tuambie, wameshaanza?

Mwambao: Wameanza kidogo tu.

Fundi Gita: Kidogo ndiyo nini, ndugu yangu?

Mwambao: Basi niseme. Piano ya ukumbini ilikuwa imeshuka karibu nusu toni, na mahafali yamekaribia. Spana nilikwisha kuinunua kwa fedha yangu, na kijana mmoja ana sikio zuri kunishinda mimi. Tukaipandisha yote kwa siku moja hadi A ya hezi 440, kipimo cha kawaida cha kupatanishia ala. Nyuzi tatu za besi zimekatika, na moja imemchana kijana kiganja. Mkuu wa idara hajui. Lakini msinilaumu, maana fundi tungemsubiri hadi lini?

Mzee wa Pangani: Kumbe uzi huu umeletwa na nyuzi! Pole kwa kijana.

Bin Shaka: Hii ni chai. Nimezaliwa Chumbageni na kukulia Ngamiani, na chuo chenye piano nne sikijui. Mleta mada ataje chuo au afunge mada.

Mama Kwaya: Akitaje ili Jumatatu asiwe na kazi? Chai au si chai, kijana amepelekwa hospitali?

Mwambao: Amefungwa bendeji zahanati, anaendelea vizuri. Bin Shaka, chuo sikitaji. Ila tulipofungua ubao wa chini wa piano ya pili, tulikuta mayai ya mjusi yamepangana karibu na pedali, na nyundo saba za kugonga nyuzi zimeliwa sufu na nondo upande mmoja tu, kama mahindi yaliyotafunwa na mtoto.

Bin Shaka: Mayai ya mjusi yalikuwamo hata kwenye redio ya babu yangu.

Fundi Gita: Iwe kweli iwe hadithi, jibu langu ni lile lile. Piano iliyoshuka hivyo hupandishwa kwa awamu, kwa sababu ukikaza nyuzi za upande mmoja, zile ulizokwisha kuzikaza hushuka tena. Nyuzi zenye kutu hazivumilii mvuto wa ghafla. Kama haitapigwa pamoja na ala isiyoweza kushushwa hivyo, kama tarumbeta, ingebaki chini huko huko, nyuzi zipatanishwe zenyewe kwa zenyewe. Spana ifungie kabatini, mwambie mkuu wa idara kabla hajaambiwa na mwingine, na vipande vya nyuzi za besi usivitupe, kwa kuwa unene wa waya na wa shaba iliyoviringishwa hupimwa hapo ili kutengeneza nyingine.

Mwambao: Vipande viwili ninavyo. Cha tatu mlinzi amekwisha kukifanyia mtego wa panya.