Pikipiki ya injekta: mngurumo unapanda na kushuka ikiwa imesimama. Nianzie wapi?

Msafirishaji wa Samaki, Malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu pikipiki ya cc 150 yenye mfumo wa injekta (petroli hupulizwa kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta), ambayo huitumia kuchukua samaki Mambrui, na mara nyingine Ngomeni, na kuwaleta sokoni Malindi. Asubuhi ikiwa baridi huwaka mara moja na kutulia vizuri. Lakini nikishavuka daraja la Sabaki na injini kupata moto, kila ninaposimama na kuachia mafuta mngurumo hupanda wenyewe, hushuka hadi karibu kuzima, kisha hupanda tena, kana kwamba kuna mtu anayeichezea eksileta. Mwendoni haina tatizo lolote. Huvuta vizuri hata nikiwa na kreti za samaki na barafu nyuma.

Fundi mmoja wa kando ya barabara aliikaza skuruu iliyo ubavuni mwa throto (mlango wa hewa ya injini), ile yenye alama ya rangi ya kiwandani, na mngurumo ukakaa juu kwa muda kabla ya kurudia kuyumba. Sasa anasema kompyuta ya injini imekufa na kwamba niagize nyingine kutoka Mombasa. Taa ya injini kwenye dashibodi huwaka ninapofungua swichi, kisha huzimika kama kawaida. Je, kweli ni kompyuta, au kuna mambo ya bei nafuu zaidi ambayo ningepaswa kuyaangalia kwanza?

Dereva wa Watamu

Kaka, angalia mafuta. Petroli ya chupa inayouzwa vijijini huwa na maji au imechanganywa na mafuta ya taa, na injekta haivumilii uchafu kama kabureta inavyouvumilia. Mwaga yote, weka petroli ya kituoni, kisha utupe habari.

Msafirishaji wa Samaki

Ahsante ndugu. Mafuta hununua kituoni hapa mjini, na tangu shida hii ianze nimeshajaribu vituo tofauti bila kuona mabadiliko.

Bodaboda wa Gede

Mimi ningeilegeza ile skuruu taratibu huku injini ikinguruma, mpaka isikike imetulia. Ndivyo tunavyofanya siku zote.

Fundi Mzee wa Barani

Ndugu wa Gede, hilo ni sahihi kwa kabureta, na kwa heshima zote nakuomba usilipeleke kwenye injekta. Katika kabureta skuruu ile ndiyo inayopanga mzunguko wa chini, yaani kasi ya injini ukiwa umeachia mafuta. Katika pikipiki nyingi za injekta kazi hiyo hufanywa na kompyuta, ambayo hufungua na kufunga njia ndogo ya hewa inayokipita pembeni kile kipepeo cha throto, yaani kibamba kinachofungua na kufunga hewa. Skuruu hupanga tu mahali ambapo kipepeo kinakomea kinapofungwa. Ukiikaza, kipepeo hubaki wazi kidogo, na sensa ya throto humwambia bwana kompyuta kwamba mwendeshaji bado anavuta mafuta. Kompyuta ikishaamini hivyo, huacha kuusimamia mzunguko wa chini. Kwa hiyo kazi ya kwanza, mwenye uzi, ni kuirudisha skuruu mahali ilipokuwa, na ile alama ya rangi itakuongoza.

Ama kuhusu kompyuta kufa, sikubaliani kabisa. Kompyuta iliyokufa haichagui kuharibika injini ikiwa moto na imesimama tu, huku ikifanya kazi bila kasoro barabarani. Mara nyingi pikipiki haiwaki hata kidogo. Dalili ulizoeleza zinanielekeza kwenye hewa inayoingia mahali isipotakiwa, yaani kati ya throto na silinda, kwenye manifodi (bomba la kupeleka hewa kwenye silinda), mpira wake au oringi yake (pete ya kuziba maungio). Hewa hiyo ya wizi hupandisha mzunguko. Kompyuta ikiona mzunguko uko juu ilhali kipepeo kimefungwa, hudhani umeachia mafuta ukiteremka mlima, nayo hukata petroli. Mzunguko huanguka, petroli hurudishwa, hewa ya wizi huupandisha tena, na mchezo huendelea hivyo bila kikomo. Ukiwa mwendoni injini huvuta hewa nyingi mno, kwa hiyo ule upenyo mdogo hauonekani. Asubuhi nako kompyuta huongeza petroli na hewa kwa makusudi kwa sababu injini ni baridi, na kasoro hujificha humo.

Jaribio lake halina gharama. Injini ikiwa moto na inanguruma, chukua chupa ya kupulizia, ile ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, uweke maji safi, upulize ukungu mwepesi kuzunguka maungio ya manifodi, ukiepuka plagi na viunganishi vya nyaya. Mngurumo ukibadilika ghafla unapofika mahali fulani, umelipata tundu. Wengi hutumia kopo la kusafishia kabureta badala ya maji, na kweli huonyesha haraka zaidi, lakini kimiminika kile huwaka moto na bomba la moshi liko karibu. Mimi siwezi kumshauri mtu jambo hilo.

Maji yasipoonyesha kitu, fungua throto uangalie ukoko mweusi kwenye kingo za kipepeo na katika ile njia ndogo ya hewa. Safisha kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa ya kusafishia throto, wala usikwangue kwa bisibisi.

Mwalimu wa Ufundi, Kilifi

Naunga mkono maelezo ya mzee wetu, na naongeza upande wa umeme, kwa sababu pikipiki inayobeba samaki pwani ina adui wake wa pekee. Maji ya barafu yanayochuruzika kutoka kwenye kreti yamejaa chumvi, na yakikauka ndani ya kiunganishi cha nyaya huacha unga wa kijani unaoongeza ukinzani. Sensa hufanya kazi kwa volti ndogo sana, kwa hiyo unga kidogo tu unatosha kupotosha taarifa bila taa kuwaka. Ng'oa terminali ya hasi ya betri, fungua kiunganishi cha sensa ya throto, cha sensa ya joto, na waya wa athi unaofungwa kwenye injini au fremu, uvisafishe kwa dawa ya viunganishi vya umeme na kuvikausha kabla ya kuvirudisha. Pima na betri yenyewe: ikiwa imepumzika inapaswa kuwa karibu na volti 12.6, kwani betri dhaifu huivuruga pampu ya mafuta na injekta pia.

Kutowaka kwa taa sasa hivi hakumaanishi kwamba kompyuta haijahifadhi kasoro ya zamani. Katika pikipiki nyingi za Honda zenye mfumo wa PGM-FI, kasoro husomwa kwa miako ya taa, mwako mrefu ukihesabiwa kumi na mfupi moja: 1 ni sensa ya shinikizo la hewa kwenye manifodi, 8 ni sensa ya throto, 12 ni injekta, 21 ni sensa ya oksijeni, na 29 ni vali ya hewa ya mzunguko wa chini. Watengenezaji wengine wana nambari zao, kwa hiyo fuata kitabu cha pikipiki yako.

Msafirishaji wa Samaki

Mzee wangu na mwalimu, Mungu awazidishie. Skuruu imerudi kwenye alama yake. Nilipopuliza maji upande wa chini wa manifodi, pale inapogusana na kichwa cha silinda, mngurumo ulishuka papo hapo. Oringi iliyotolewa ilikuwa ngumu kama plastiki na imelala bapa upande mmoja. Nimeweka mpya, na viunganishi vimesafishwa. Cha sensa ya throto kilikuwa na ule unga wa kijani hasa. Sasa injini ikiwa moto mshale husimama karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika bila kupanda na kushuka. Limebaki jambo moja dogo: nikisimama baada ya mwendo mrefu wa jua kali, mara nyingine mngurumo huwa mzito na huelekea kuzima.

Fundi Mzee wa Barani

Hiyo ni shida nyingine, usiichanganye na ya kwanza. Pima tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye vali. Vali ikibana, injini ikipata moto sana haifungi sawasawa, na mzunguko wa chini ndio unaoathirika kwanza. Nafasi yake ni sehemu ndogo ya milimita moja na hutofautiana kati ya pikipiki na pikipiki, kwa hiyo tumia kipimo cha kitabu chako wala usikubali kukisiwa kwa mkono. Ipimwe injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Tapeti zikiwa sawa na uzito ukabaki, ndipo utafute fundi mwenye geji ya kupima shinikizo la pampu ya mafuta, ambalo kwa nyingi za aina hii huwa karibu kilopaskali 300. Kompyuta yako iache ilipo.