Safari ya Wilsons Prom mwezi wa 11: kwenda si kazi, kazi kurudi

Kutoka: Wa Dandenong

Shikamooni wakubwa, wengine habari za wikiendi. Naandika kuhusu ile safari ya miguu ya Wilsons Promontory tuliyoanza kuiongea tokea Idi. Watu 14 wameshajiandikisha na jana dada mmoja kaniuliza "si ni kama zile ngazi elfu za Ferntree Gully tu?" nikaona niandike yote hapa mapema. Dada yangu, zile ngazi unapanda asubuhi na saa nne uko nyumbani unakunywa chai. Huku ni karibu kilomita 19 kwenda mpaka mnara wa taa na 19 nyingine kurudi, siku moja, na barabara ya gari ya umma haipo, ukichoka katikati umechoka katikati.

Kwa wasiopajua, Prom ndio ile rasi iliyochomoza baharini kusini kabisa mwa bara la Australia, wenyeji wa asili wanaiita Yiruk, au Wamoon. Yote ni graniti. Mimi kwetu Mwanza, nimekulia kwenye mawe yale, siku ya kwanza nilipofika nikaona mawe makubwa ya mviringo yamepandana juu ya maji, mengine yamekaa kama yanataka kudondoka na hayadondoki, nilisimama nikashindwa kuongea. Ya Mwanza ni makongwe zaidi, zaidi ya miaka bilioni 2.5, haya ya hapa yana kama milioni 400, lakini jiwe ni la namna ileile, ukilishika jua limelipiga utajua. Na mnara wenyewe umejengwa kwa graniti hiyohiyo ya hapo, tangu 1859. Ndio maana nataka watu wetu wafike, tuko Melbourne miaka yote hii na wengi tunaijua njia ya kazini na njia ya supamaketi basi.

Sasa nieleze yaliyotupata mwaka jana mwezi wa 3, maana sikuyaandika hapa na walioenda wananidai. Tulikuwa watano. Tulitoka Melbourne saa 11 alfajiri, ni mwendo wa saa tatu hivi, tukasimama mji mdogo wa Foster kwa mafuta na kahawa, tukapiga picha, kuanza kutembea kutoka Telegraph Saddle, pale juu magari yanapoachwa, ilikuwa saa 3 na dakika 20 asubuhi. Kila mtu na chupa moja ya lita na nusu. Kwenda kulikuwa raha tupu, njia pana ya mchanga, kuna kivuli, tunapiga stori za nyumbani. Mnarani tumefika saa 9 mchana, ile sehemu ya mwisho ni kilima cha zege kimesimama kama ukuta, unapanda umeshika magoti, halafu upepo wa Bass Strait, ile bahari ya kati yetu na Tasmania, unakupokea juu. Tukakaa saa nzima. Hapo ndipo tulipokosea, hatukukosea porini, tulikosea tukiwa tumekaa tunafurahi. Mwezi wa 3 jua linazama kama saa 2 kasoro usiku na sisi saa 10 jioni ndio tunaanza kilomita 19. Mwenzetu mmoja goti likagoma, maji yakaisha, mtandao hakuna. Giza likatukuta bado tuna karibu saa tatu za kutembea, tochi za simu tukawa tunawasha moja moja kwa zamu ili chaji isiishe zote pamoja. Nakumbuka tulisikia kitu kinatafuna majani karibu kabisa na njia, kru kru kru, tukasimama wote tumeshikana mikono, kumbe wombat, yule mnyama mnene mfupi wa huku, anakula zake. Tumefika kwenye gari saa 4 na nusu usiku. Mke wangu alikuwa ameshashika simu apige polisi.

Kwa hiyo safari hii masharti ni haya na naomba tusijadiliane sana. Tunalala Tidal River Ijumaa, kambi inabukiwa kabla. Jumamosi tunaanza kutembea saa 12 asubuhi, maana ile paking ya Telegraph Saddle ni ndogo. Na saa 6 mchana kamili TUNAGEUKA, popote tulipo, hata kama mnara tunauona kwa macho. Mwisho wa mwezi wa 11 jua linazama baada ya saa 2 usiku, kwa hiyo tukigeuka saa 6 tutakuwa garini kabla ya saa 1 na bado tuna akiba ya mwanga kama kuna atakayechechemea.

---

Kutoka: Wa Noble Park

Jambo bandugu. Asante kaka kwa maelezo, mungu asifiwe mulirudi salama. Miye niko na maswali mbili. Ya kwanza niko na batoto, moya ana miaka 14 na mwingine 11, banaweza kuya? Banapenda sana kutembea. Ya pili ni nyoka. Nimesikia ile pori iko na nyoka mingi na ni ya sumu. Miye niko na jiwe nyeusi ya kuweka pale nyoka imeuma, mama alinipatia tukitoka Bukavu, nitaileta kwa ajili ya wote.

---

Kutoka: Wa Dandenong

Kaka asante, na nimefurahi unataka kuleta watoto. Kilomita 38 kwa mtoto wa miaka 11 hapana, nisingemchukua hata wangu. Lakini njooni wote Tidal River, sisi tukiondoka alfajiri mama na watoto wapande Mount Oberon, ni mita 558, kwenda na kurudi kama kilomita 7, juu kabisa kuna mawe ya kukaa na unaona visiwa vyote, halafu mchana washuke Squeaky Beach, ule mchanga ni wa kwatzi na ukiukanyaga unalia kama viatu vipya. Wa miaka 14 tuongee kwa simu. Na watoto waambie mapema wombat na kangaruu hawalishwi, hata kipande cha mkate.

Nyoka wapo kweli, kuna wale wanaoitwa tiger snake na ni wa sumu kali, mwezi wa 11 ndio wanaota jua njiani. Kwa kawaida wakisikia mnakuja wanaondoka, cha muhimu tusitembee mmoja mmoja na tusiweke mguu au mkono mahali hatupaoni. Kuhusu jiwe, naomba dada yetu nesi wa Geelong aseme yeye, maana mimi nikisema itaonekana nadharau vya nyumbani.

---

Kutoka: Wa Geelong

Hamjambo nyote. Kaka wa Noble Park, hilo jiwe la mama liweke nyumbani mahali pazuri, ni kumbukumbu, lakini mguuni mwa mtu lisiwekwe. Nyumbani tulizoea kufunga kamba juu ya jeraha, kuchanja, kunyonya, hayo yote tuyaache. Hapa unafanya hivi. Mtu anakaa chini palepale, hatembei hata hatua moja, maana misuli ikifanya kazi ndiyo inasukuma sumu. Unachukua bandeji pana ya kuvutika, unafunga juu ya pale alipoumwa, kisha ya pili unaanzia vidoleni unapanda na mguu wote mpaka juu, imebana kama ya mtu aliyeteguka, si ya kukata damu. Unafunga kijiti pembeni mguu usikunjike. Jeraha HALIOSHWI, liachwe kama lilivyo. Halafu unapiga 000, namba ya dharura. Kila mtu abebe bandeji mbili ndefu, nitawaonyesha wote Ijumaa jioni, na kila mmoja atamfunga mwenzake mpaka nitosheke.

Lingine ni maji. Lita tatu kila mtu, na vidonge vya kusafishia, kwa sababu kuna kijito pale Roaring Meg lakini msiyanywe hivihivi. Wenye presha na sukari muulize daktari wenu kabla ya kuja, msije mkaniambia tukiwa kilomita ya 15. Na kofia ni ya kila mtu, hili jua la huku msiseme sisi tumezaliwa ikweta, mimi nimeona ngozi zetu zikibabuka wodini.

Halafu swali, hiyo saa 12 asubuhi ni ya Kiswahili ama ya simu? Kwa hesabu yangu ni 6:00, ila mwaka jana kuna mtu wetu alikosa harusi kwa hii mambo.

---

Kutoka: Wa Dandenong

Dada asante sana, umenipunguzia mzigo. Ndiyo, saa 12 asubuhi kwenye simu ni 6:00, saa 6 ya kugeuka kwenye simu ni 12:00. Nitaziandika zote mbili kwenye grupu kila mara, na siku yenyewe kila mtu aseti alamu ya kugeuka kwenye simu yake, zilie zote kwa pamoja asiwepo wa kusema hakusikia.

Vilivyobaki: tochi ya kichwani kila mtu hata kama tunarudi mchana, koti la mvua na sweta hata kama Melbourne ni 30, upepo wa kusini ukigeuka kule baridi inashuka ndani ya dakika chache. Viatu viwe vimeshavaliwa angalau wiki tatu. Chakula mimi nashauri chapati zilizoviringishiwa mayai, tende, karanga na ndizi, sambusa zibaki za jioni. Takataka zote tunarudi nazo, moto wa kuni kule hauruhusiwi kabisa, na mbwa haruhusiwi hata kukaa garini.

Nitaazima PLB, kile kidude cha dharura kinachopiga mawimbi kwenye setilaiti, nitakisajili kwa safari hii na kitakaa kwenye begi langu mfuko wa juu, kila mtu ajue kilipo na namna ya kukivuta ikitokea mimi ndiye niliyeanguka. Mke wangu anabaki na orodha ya majina, namba za gari na njia tunayopita, tusipompigia mpaka saa 3 usiku yeye anapiga polisi, hasubiri. Alhamisi nitaangalia tovuti ya Parks Victoria, wale wanaosimamia hifadhi, na ile programu ya simu ya VicEmergency ya matangazo ya dharura, ikitangazwa siku ya moto mkali tunaahirisha, pesa ya kambi ikipotea ipotee.

Na wewe wa goti la mwaka jana, najua unasoma hapa. Umeniambia huji, lakini kama utabadili mawazo tutaenda mwendo wako wewe, wewe mbele sisi nyuma, tukiishia Halfway Hut, kile kibanda cha njiani, tumeishia Halfway Hut.

Magari yapo matatu, nafasi bado mbili, wa upande wa Werribee mnaohitaji lifti niandikieni kabla ya Jumatano.