Hilux 3L inasumbua asubuhi: nozeli, pampu ya mtumba, au pampu iende benchi Dar?

Pikapu ya Newala
Wakuu, Hilux injini ya dizeli aina ya 3L, pampu ya dizeli ya zamani isiyo na kompyuta. Asubuhi stata inapigwa sana ndipo iwake, inatoa moshi mweupe, kisha inatulia. Ikipakia korosho, mlimani haina nguvu. Njia ni tatu: kubadilisha nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zote nne, pampu ya mtumba, au hii ifunguliwe ikapimwe benchi (mashine ya kupimia pampu) Dar. Tuanze na ipi?

Fundi Dizeli Masasi
Usianze na yoyote kati ya hizo, mkuu. Gari inayosumbua asubuhi tu, mara nyingi inavuta upepo kwenye njia ya dizeli, na dizeli imerudi tangini usiku. Chomoa mpira unaotoka kwenye filta kwenda pampu, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, shibiri moja hivi. Washa, tazama. Vipovu vikipita mfululizo, kagua klipu, mipira, na hasa pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Dayaframu yake (utando wa mpira ndani) ikikakamaa hupasuka, upepo unaingia bila tone kuonekana nje.

Kisha dumu la lita 5 lenye dizeli safi, litundikwe juu kuliko pampu. Mpira wa kuingiza na wa kurudisha yote iingie humo, ilale hivyo. Asubuhi ikiwaka mara moja, ugonjwa ni upepo. Ila dumu linaweza kuficha ubovu wa oringi (pete ya mpira) ya shafti ya mkono wa resi, kwa hiyo papasa pale juu ya pampu. Pakilowa dizeli, oringi imekwisha, na hiyo ni kazi ndogo kuliko kununua pampu.

Nguvu kupotea mlimani: badilisha filta kwanza. Na hita plagi (zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka) zipimwe moja moja kwa taa ya majaribio. Joto la kwetu lisikudanganye, injini hii inazihitaji.

Nozeli Lindi
Upepo ukishaondoka, ndipo nozeli. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga resi), legeza nati ya paipu ya nozeli kwa spana 17, moja moja. Mlio ukibadilika, silinda hiyo inafanya kazi; usipobadilika, mgonjwa ndiye huyo. Mkono usikaribie mchirizi: dizeli ya presha hupenya ngozi, na mtu akipatwa apelekwe hospitali hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Kwenye mashine ya kupimia, nozeli nzima inatoa ukungu na kukata papo hapo. Inayodondosha ndiyo inayogonga na kutoa moshi. Badilisha ncha zote nne, na washa (vipete vya kuziba kwenye nozeli) ziwe mpya. Washa iliyokwisha kubanwa ikirudishwa, kompresheni inavuja.

Gereji Mikindani
Pampu ya mtumba siipendekezi. Uchakavu wa plunja (pistoni ya ndani inayosukuma dizeli) hauonekani kwa macho, na seli (mipira ya kuzuia uvujaji) zilizokauka dukani zikipata dizeli huanza kuvuja. Unalipia ugonjwa wa mwenzio.

Dalili ya kweli ya kupeleka pampu benchi ni gari kugoma ikiwa ya moto. Zima, zungushia pampu kitambaa kibichi, ngoja dakika 10. Ikiwaka, plunja imelika, dizeli nyepesi ya moto inapita pembeni. Usimwagie pampu maji, inaweza kukwama.

Kabla ya kuifungua, kwaruza alama moja inayovuka flanji ya pampu na mwili wa injini. Bila alama hiyo taimingi (wakati wa kunyunyiza dizeli) inapotea: ikichelewa, moshi mweupe na ulegevu, ikiwahi, injini inagonga. Midomo ya paipu ifunikwe kwa nailoni, chembe moja ya mchanga inatosha kuharibu nozeli mpya.

Pikapu ya Newala
Ya moto haigomi kabisa. Dizeli hununuliwa ya madumu vijijini.

Fundi Dizeli Masasi
Basi pampu iache mahali pake. Fungua koki ya chini ya filta, kinga kwenye chupa ya kioo, ngoja nusu saa. Maji yatakaa chini. Yakionekana, toa dizeli yote tangini na usafishe tangi kabla ya filta mpya. Na anayekuuzia asichanganye mafuta ya taa: pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine.