De Valera alibaki Dublin kwa busara, au alikwepa lawama?

Mleta mada: Wakuu, naleta kesi ya miaka mia iliyopita ambayo Waayalandi wenyewe bado wanaibishania. Oktoba 1921 Éamon de Valera, rais wa jamhuri ya Ireland ambayo Uingereza haikuitambua, alituma wajumbe watano London wakajadiliane na Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza. Yeye akabaki nyumbani. Waliporudi na mkataba, akawageuka.

Mimi nasema alikwepa lawama. Mapigano ya Waayalandi na Uingereza yalisitishwa tarehe 11 Julai, na siku chache baadaye de Valera alikwenda London mwenyewe, akaketi na Lloyd George ana kwa ana. Alirudi akijua fika kwamba jamhuri haitolewi. Ndipo akamtuma Michael Collins, mtu wa ujasusi na vita vya kuvizia, ambaye hata kwenda hakutaka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Huyu alivua Julai, Oktoba akawaogesha wenzake.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, baada ya Lloyd George kutishia kurudisha vita, wajumbe wakasaini: dola inayojitawala chini ya Mfalme, kama Kanada, na wabunge kuapa kuwa waaminifu kwa Mfalme George V. Januari 1922 Bunge la Dublin likaupitisha mkataba huo kwa kura 64 dhidi ya 57.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unamwonea. Huyu aliongoza kikosi katika uasi wa Pasaka 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza, akahukumiwa kifo akanusurika, na 1919 akatoroka jela ya Lincoln, Uingereza, kwa ufunguo ulioingizwa ndani ya keki. Sasa leo umwite mwoga? Halafu umeruka jambo kubwa. Maelekezo ya maandishi yaliwataka wajumbe wapeleke rasimu ya mwisho Dublin kabla ya kusaini. Hawakupeleka. Rais alibaki ili wajumbe wakibanwa waseme, "Ngoja tumuulize mkubwa." Kila mfanyabiashara anaijua mbinu hiyo. Ubaya ni kwamba waliobanwa hawakuitumia.

Mleta mada: Woga sijautaja mimi, nimesema kukwepa lawama. Risasi na lawama ni vitu viwili. Na hayo maelekezo unayoyasema yalikwenda pamoja na hati inayowapa wajumbe mamlaka kamili ya kusaini. Ukimpa mtu karatasi mbili zinazopingana, ukibaki nyumbani, lolote atakalofanya utakuwa na karatasi ya kumshitaki. Na de Valera alikuwa mwalimu wa hisabati, si mtu wa kukosea hesabu.

Mchangiaji wa pili: Samahani jamani, mnagombania nani alipanda meli wakati dhambi yenyewe ilikuja baadaye. Baada ya kushindwa kwa kura, Machi 1922 de Valera alihutubia mji wa Thurles kwamba wanaoutaka uhuru huenda wakalazimika kupita kwenye damu ya askari wa serikali ya Waayalandi wenzao. Watetezi wake husema alikuwa anaonya tu. Sawa, lakini onyo kama hilo mbele ya vijana wenye bunduki ni kiberiti. Juni vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza, na tarehe 22 Agosti Collins akapigwa risasi akafa mahali paitwapo Béal na Bláth akiwa na miaka 31. Upande wa serikali nao si watakatifu, waliwanyonga na kuwapiga risasi wafungwa... hapana, nijisahihishe: waliwapiga risasi, zaidi ya 70.

Mchangiaji wa kwanza: Lakini kumbukeni kiapo kilikuwa suala la dhamiri. Huwezi kumwapia mfalme uliyepigana naye.

Mleta mada: Hapo ndipo ninapokusubiri, ndugu yangu. Agosti 1927 de Valera na chama chake kipya cha Fianna Fáil waliingia Bungeni. Alifika mbele ya kitabu cha kiapo, akaisukuma Biblia pembeni, akasaini, akasema ni maneno matupu tu. Akashika serikali 1932, kiapo akakifuta 1933, akaleta katiba mpya 1937, na 1938 Uingereza ikamrudishia bandari za Ireland ilizobaki nazo kwa mkataba ule. Collins aliuita mkataba uhuru wa kuutafutia uhuru, na de Valera mwenyewe ndiye aliyekuja kuutumia hivyo. Sasa nijibu hili tu: hiyo Biblia, kwa nini haikusukumika Januari 1922, Collins akiwa hai?